Ngurumo Atia Pamba Masikioni

Vumbi la uwanja wa treni lilikuwa jekundu na jepesi, na jua la saa mbili asubuhi lilipopenya kati ya mabehewa, kila chembe iliwaka peke yake. Kichwa cha dizeli kikawashwa. Vumbi likaruka. Likaruka juu ya reli, juu ya makopo ya grisi, juu ya kofia za wafanyakazi, likacheza hewani kama pumba kwenye ungo. Kwanza kikohozi, kisha mngurumo, kisha vumbi: ndivyo kichwa kile kilivyoisalimia siku, kwa miaka thelathini na mmoja.

Dereva wake aliitwa Ngurumo. Wazazi walimpa jina jingine, ila hilo lilibaki kwenye vyeti. Alikuwa mpana wa kifua na mwembamba wa miguu, na aliongea kwa sauti ya juu hata msibani, kwa kuwa mtu aliyekaa miaka yote hiyo hatua tatu mbele ya injini husahau kwamba watu wengine hawakai mbele ya injini.

Alijua kwa sikio. Mafuta yakiwa machafu, alijua kwa sikio. Mlima ukianza kuuma, alijua kwa sikio. Silinda moja ikizembea kati ya kumi na mbili, alijua kwa sikio, akamwambia fundi ni ipi, na fundi akiifungua anaikuta ndiyo. Injini ilimwambia kila kitu, na yeye aliisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mke anayeosha vyombo: bila kugeuka, bila kukosa neno.

Kisha nyaya zikaja.

Nguzo zilisimikwa kando ya reli, moja baada ya nyingine, kama watu waliopanga foleni bila kujua wanasubiri nini. Waya ukavutwa juu yake. Na siku moja kikaletwa kichwa kipya, cheupe, chenye mkono wa chuma juu ya paa. Mkono uliinuka taratibu ukaugusa waya kwa ncha tu, kwa adabu, kama mama anayepima joto la maji ya kumwogeshea mtoto. Kichwa kikaondoka uwanjani bila kukohoa. Bila moshi. Vumbi likakaa pale pale lilipokuwa.

Ngurumo alikitazama hadi kikapotea kwenye kona.

"Hiyo si treni," alisema. "Hilo ni kabati linalotembea."

Maneno hayakuwa yake. Yalikuwa ya marehemu baba yake, mtia makaa kwenye vichwa vya mvuke, mtu aliyerudi nyumbani kila jioni akiwa mweusi hadi kwenye nyusi. Dizeli ya kwanza ilipofika, baba alisimama hivyo hivyo, akaona haina tanuru, haina koleo, haina mvuke, akatamka kwamba hilo ni kabati linalotembea. Mwaka haukuisha, alikuwa ameketi ndani ya kabati hilo na shati jeupe, na hakuna aliyemsikia tena akililia koleo. Sehemu hiyo ya pili Ngurumo hakuwa na kawaida ya kuisimulia.

Amri ilitoka ofisini, ikabandikwa mlangoni pa chumba cha madereva. Kila dereva atafanya mtihani kwenye kichwa cha umeme. Nafasi ni tatu. Atakayeshindwa mara zote tatu atahamishiwa stoo ya vipuri. Na stoo ya vipuri, wote waliijua, haikuwa na dirisha.

Mara ya kwanza, Ngurumo aliusukuma mkono wa mwendo kama alivyozoea. Dizeli ukiipa mafuta, inavuta pumzi kwanza. Inajikusanya, inafikiri, ndipo inakwenda. Umeme haufikiri. Umeme ulifika wote kwa mpigo, magurudumu yakazunguka pale pale kama mbwa anayefukuza mkia wake, chuma kikanuka kuungua, mabehewa kumi na sita matupu yakagongana hadi la mwisho, na chai ya mtahini ikamwagika mapajani mwake. Mtahini, bwana mkimya mwenye kalamu mbili mfukoni, alijipangusa, akaandika.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilichekesha.

Juu ya mlima kuna mahali ambapo umeme wa kituo kimoja unakoma na wa kituo kingine haujaanza. Hapo waya upo, lakini hauna kitu ndani yake. Dereva akiona kibao anazima swichi kuu, anaiacha treni ijiendee kwa mwendo wake yenyewe, na akivuka kibao cha pili anawasha. Ni mwendo mfupi tu. Ngurumo aliona kibao, akazima. Feni zikalala. Taa za meza ya dereva zikafifia. Na kikaja kimya, kimya kitupu, kimya ambacho kwa miaka thelathini na mmoja kilikuwa na maana moja tu: injini imekufa.

Mkono wake ulifika kwenye breki kabla ya akili yake.

Treni ikasimama hapo hapo, chini ya waya mtupu. Haikuweza kwenda mbele, haikuweza kurudi nyuma. Ilibidi ivutwe. Na kichwa kilichotumwa kuivuta kilikuwa kile kile chake cha dizeli, kikiendeshwa na mwenzake, kikipiga honi njia nzima kama kinachosindikiza harusi. Kabla ya chakula cha mchana uwanja mzima ulikuwa unamwita Kata-Umeme.

Nyumbani hakusema. Alinawa, akala, akamwambia mkewe kwamba mchuzi ni mzuri.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na pini mdomoni na suti ya mtu mapajani. Alizitoa pini moja moja.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Tangu lini unaongea kwa upole ndani ya nyumba hii? Majirani watafikiri umehama."

Basi akasimulia. Kibao, swichi, kimya, breki, honi. Mkewe alijitahidi kutocheka, akashindwa, akacheka hadi akashika cherehani isianguke. Na Ngurumo, aliyekuwa ameikunja sura tangu saa nne, akajikuta anacheka naye. Walipomaliza, mke alipangusa macho kwa kipande cha kitambaa.

"Mimi nilipoacha cherehani ya miguu nikanunua hii ya mota," alisema, "nilijishona kidole wiki ya kwanza. Mguu wangu ulikuwa unatafuta kazi. Na wewe masikio yako yanatafuta kazi. Kesho nenda kwa mdogo wangu."

Mdogo wake alikuwa fundi wa mota katika karakana ya reli. Kazi yake ilikuwa kuzisuka upya nyaya za shaba zilizoungua ndani ya mota za treni, mwanamke mfupi mwenye mikono ya bondia na miwani iliyofungwa kwa kamba. Kwake yeye Ngurumo alikuwa shemeji, na shemeji ni mtu wa kutaniwa.

"Karibu, Kata-Umeme," alimwambia. "Dada amenipigia. Ameniambia nikurekebishe au nikuhifadhi humu kama chuma chakavu."

Akampeleka kwenye kichwa cha dizeli kilichoegeshwa kwa matengenezo, akafungua milango ya ubavuni. Ndani injini ilikuwa imelala, kubwa kama chumba cha wageni.

"Shemeji, nionyeshe shafti inayotoka kwenye injini hii kwenda kwenye gurudumu."

Ngurumo akacheka. "Haipo. Injini inazungusha jenereta. Jenereta inatoa umeme, umeme unashuka kwa kebo hadi kwenye mota, na mota ndizo zinazozungusha ekseli. Unanifundisha mimi haya?"

"Kwa hiyo magurudumu yako yanasukumwa na nini?"

Ngurumo akaifuata kwa macho ile kebo nene, kutoka kwenye jenereta hadi chini.

Alijua. Alikuwa amejua siku zote, kama mtu anavyojua kwamba ana ini. Aliwahi kulijibu hilo kwenye karatasi akiwa kijana, akapata alama zote, akaenda zake.

"Miaka thelathini na mmoja unaendesha treni ya umeme," alisema shemeji yake, akiifuta mikono yake kwa tambara. "Ila wewe ulikuwa unatembea na kituo cha umeme mgongoni, chenye mafuta yake na kelele zake. Wenzako wamekiacha nyumbani, wanavuta umeme kwenye waya. Basi. Mota ni zile zile, binamu na binamu. Mimi nazifungua zote, nakuapia, ndani zinafanana kama vidole."

Akaendelea, kwa sababu kazi yake aliipenda na wasikilizaji hawakuwa wengi. Alimwonyesha mabati ya juu ya paa. Chako hiki, alisema, kikishuka mlima, mota zinageuka kuwa jenereta na kukushikilia usiende ovyo. Lakini ule umeme wa mteremko hauna pa kwenda, unachomwa hapa juu, unaishia kuwapasha ndege joto. Hicho kipya kinaurudisha kwenye waya. Mwenzako anayepanda upande wa pili anautumia. Wewe unashuka, yeye anapanda, unamsukuma, na hata hamjaonana.

Ngurumo aliinua macho akautazama waya uliopita juu ya uwanja, mwembamba, mtulivu, na moyoni mwake kitu kilichokaza tangu nguzo ya kwanza kililegea kidogo.

"Sasa panda," alisema shemeji. Akachomoa mfukoni mabonge mawili ya pamba. "Leo utatia pamba masikioni kwa ruhusa ya familia."

Kichwa kile cha dizeli kikawashwa. Kwa Ngurumo hakikuwashwa. Kulikuwa na mtetemo tu, wa mbali, kama ngoma ya mtaa wa pili. Alikiendesha uwanjani, kwenda na kurudi, shemeji yake akitembea kando akimpungia mikono: pole, pole, simama. Siku ya kwanza alikuwa kipofu. Aligonga vizuio mara mbili, na wasuka nyaya wote wakatoka kutazama. Siku ya pili akaanza kuiona sindano ya kipimo cha umeme pale mezani, ile aliyoitazama kila siku kwa jicho moja. Aliona jinsi inavyopanda kabla mwendo haujapanda, inavyotua mzigo ukilegea. Sindano ilikuwa inaongea. Haikuwahi kunyamaza.

Siku ya tatu alifungiwa mabehewa nyuma, na mwili ukaamka. Kiti kilimwambia mabehewa yamenyooka. Nyayo zilimwambia reli imelowa. Na kulikuwa na kitu kidogo kisiginoni, mpepeso mwembamba kama kope ya jicho, kilichokuja nusu sekunde kabla gurudumu halijateleza. Akasimamisha treni, akatoa pamba, akamwita shemeji yake dirishani.

"Hiki kitu cha kisigino," alisema. "Nilikuwa nakisikia siku zote. Nilifikiri ni sikio."

"Sikio lilikuwa linachukua sifa za wengine," alisema shemeji. "Nenda nyumbani. Msalimie dada."

Siku ya mtihani wa tatu ilinyesha manyunyu, yale ya kulowesha reli tu bila kuiosha, mabaya kuliko mvua. Mtahini alikuja na kalamu zake mbili, hakuja na chai.

Ngurumo aliketi. Akauinua ule mkono wa paa, ukagusa waya. Akaupa umeme kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa kwa kijiko. Kidogo tena. Mabehewa yakajinyoosha moja baada ya moja, hakuna lililogonga jingine, na uwanja ukaanza kurudi nyuma. Akapanda mlima. Katikati ya mlima, kwenye kona ambayo maji huteremka, kisigino kikapepesa. Akapunguza, akabonyeza kitufe kinachomwaga mchanga chini ya magurudumu, akarudisha. Mtahini alikuwa anaitazama taa ya hatari ya utelezi. Ilikuwa haijawaka. Haikuwaka. Aliitazama kwa muda mrefu, akamtazama Ngurumo, akatazama mbele.

Mlima ukaisha. Kibao kikatokea.

Ngurumo akazima swichi kuu. Feni zikalala. Taa zikafifia. Na kimya kikaja, kile kile, kikajaa chumbani kama maji. Mkono wake wa kushoto ukaondoka wenyewe kwenda kwenye breki.

Akaukalia.

Alikaa hivyo, dereva wa miaka thelathini na mmoja, na mkono chini ya paja lake kama mwanafunzi, treni ikijiendea. Ikajiendea. Manyunyu yalikuwa yanagonga bati la paa. Hakuwahi kujua kwamba paa linagongwa. Vyura walikuwa wanaongea mtaroni. Chuma kilikuwa kinaimba chini yake, sauti moja ndefu, nyembamba. Na mbele, pale njia ya miguu inapokata reli, wanawake wawili wenye majembe walikuwa wamesimama wakingoja treni ipite.

"Mbona imenyamaza?" alisema mmoja, na Ngurumo alimsikia, neno kwa neno. "Imezimika?"

"Dereva kasinzia huyo," alisema wa pili.

Ngurumo akatoa kichwa dirishani.

"Sijasinzia, mama zangu. Tunapita tu. Poleni na mvua."

Majembe yakashuka kutoka mabegani. "Asante, baba," walijibu, wote wawili, wakicheka. "Na wewe pole na safari."

Alikuwa amepita hapo mara mbili kwa siku tangu ujanani. Alikuwa ameona midomo ikifunguka na kufumbika, miaka nenda miaka rudi, mabegi, watoto migongoni, mikono ikipunga; na hakuwahi kupata neno hata moja.

Kibao cha pili. Akautoa mkono, akawasha. Feni zikaamka, taa zikarudi, mota zikaichukua treni bila kuitikisa.

"Mzee," alisema mtahini, "hairuhusiwi kuongea na wapita njia wakati wa mtihani." Akabadilisha kalamu. Akaandika kwa muda. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Umepita."

"Unasema?" aliuliza Ngurumo.

"Nimesema umepita."

"Nilikusikia mara ya kwanza," alisema Ngurumo, kwa sauti ndogo kabisa. "Nilitaka tu kusikia tena."