Sinia Moja la Ugali

Kwenye mtihani wa vitendo mwalimu anatakiwa kukaa kimya, na sheria hiyo inanitesa mimi kuliko wanafunzi, maana mdomo wangu haujui kupumzika. Asubuhi hiyo, kwenye kliniki yetu Musoma, niliubana hasa, kwa sababu aliyekuwa anatahiniwa ni Lameck. Mtihani huu alishaufeli mara moja. Akifeli tena anarudia mwaka, na baba yake kule Kisorya alishasema hana nguvu ya kumsomesha mwaka wa ziada.

Mgonjwa alikuwa Penina, muuza samaki, mwenye presha na uzito uliokuwa unamuumiza magoti. Lameck alitakiwa kumshauri namna ya kupunguza uzito mpaka waelewane kweli, siyo kumhubiria.

Akaanza kuhubiri. Akatoa picha ya sahani: nusu mboga, robo ugali, robo samaki.

"Mama, sahani yako iwe hivi kila siku."

"Sawa, dokta," alisema Penina.

"Na usiongeze."

"Sawa, dokta."

Hizo sawa nazijua. Ni za mtu anayewaza samaki wake aliowaacha sokoni. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Mtoto wa Kisorya, aliyekulia kwenye sinia moja na ndugu zake, anamwonyesha mama wa watu picha ya sahani! Nikashika kalamu nimfelishe, huku roho inaniuma.

Lameck akaitazama ile picha, kisha akaigeuza chini.

"Samahani, mama. Kwenu mnakulaje?"

"Sinia moja. Mimi, mama mkwe na mke wa shemeji, tunakulaga pamoja. Nikinawa mapema kabla wao hawajamaliza, mama mkwe anasema nimenuna."

"Hata kwetu huwaga hivyo hivyo!" Wakacheka wote wawili. "Nani anasonga ugali?"

"Si ni mimi!"

"Basi usonge mdogo, mboga ziwe nyingi. Samaki umchemshe, usimkaange. Halafu kaa nao mpaka mwisho, ila umege tonge dogo, mboga ndiyo uzidishe. Nani atasema umenuna?"

Penina akafikiri. Safari hii hakusema sawa.

"Watanung'unika hao. Ngoja nianze na jioni. Mchana nakuwaga sokoni, nakunywa soda na chapati. Hiyo soda nayo inaninenepesha?"

Hapo nikashusha pumzi. Mtu anayekuitikia tu ili umwachie aende zake hajadiliani na wewe, wala haulizi habari za soda.

Penina alipotoka nilimwambia Lameck, "Umepita."

"Narudia lini, dokta?"

"Wewe! Nimesema umepita!"

Akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akafunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika. Nikamwacha alie. Baadaye nikamsikia kwenye korido anaongea na simu.

"Baba, nimepita. Hapana, baba, sirudii. Sirudii mwaka."

Nikausukuma mlango taratibu mpaka ukajifunga, maana na mimi machozi yalishafika.