Nilimwambia Ashushe

Aliinama mpaka pumzi yake ikanigusa sikio, akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Mdogo wangu, nishushe au nipandishe?"

Kompyuta yake ilikuwa imezima mara ya pili. Yangu, upande wa pili wa meza, ilikuwa ikichapa kazi taratibu, joto nyuzi sabini na sita, palepale tangu ilipotulia. Swali hilo nilikuwa nimelingoja miaka miwili. Nikajitia kufikiri, makusudi, ili naye aonje kungoja.

Alikuwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Nyumbani tulimwita Injinia kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kujiita hivyo. Kufungua kompyuta nilimfundisha mimi. Nikamfundisha na kuipa prosesa, ule ubongo wa mashine, kasi zaidi ya iliyotoka nayo kiwandani. Unapandisha hatua moja ndogo, unaibebesha kazi nzito saa nzima, unaangalia joto, unaandika. Ikiganda, unarudi nyuma bila aibu. Umeme huongezi ila kwa lazima, na prosesa zetu zile sikuwahi kuzivusha volti moja nukta tatu.

Alinicheka. "Wewe unapika kama unampikia mgonjwa," alisema, "chumvi kwa ncha ya kidole." Yeye alitaka namba kubwa ya kuonyesha watu, na dakika kumi za majaribio zilimtosha, tena asubuhi kwenye ubaridi, boksi la mashine likiwa wazi na feni ya mezani ikilipulizia.

Kisha mama akalazwa, nikawa nashinda hospitalini. Injinia akaingia kwenye mashine yangu, akaongeza umeme anavyojua yeye, prosesa ikafa. Ilikuwa siku ya kukabidhi picha za nyumba, zile ambazo kompyuta huzitengeneza kutokana na mchoro, kwa Msanifu, mama mmoja mchora majengo ambaye ndiye aliyekuwa akinipa kazi. Alipofika na kukuta kioo cheusi, kaka yangu alimtazama usoni bila kupepesa. "Nilimkanya," akamwambia. "Kupenda sifa kumemponza."

Jioni yake alinifuata hospitalini, akanisimulia yote na kukiri tukiwa wawili tu, huku anacheka. "Sasa mteja ningemwambia nini?" Kazi ikahamia kwake. Mimi nikabaki nasafisha vibodi vya watu na kuvuta karatasi zilizokwama kwenye printa, na popote nilipopita nilikuwa yule dada anayeunguza mashine. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Ya kaka yangu ilikwenda miaka miwili, na kila siku yake niliihesabu kwa chuki.

Hatimaye picha zake nazo zikaanza kuchelewa, mashine ikimgandia kila wiki. Msanifu akachoka, akatuita wote wawili. "Mchoro mmoja, chumba kimoja. Atakayemaliza ndiye nitakayefanya naye kazi."

Niliomba kitu kimoja tu, kwa adabu zote: tuanze saa saba mchana, kwenye chumba cha juu, chini ya bati, maboksi yamefungwa. "Si ndivyo kazi yenyewe inavyofanyika?" nikasema. Msanifu akakubali. Injinia naye akakubali, akitabasamu. Ya kwangu nilikuwa nimeijaribu wiki nzima kwenye joto kama hilo.

Mashine yake ilipozima mara ya pili, ndipo akaja kuniuliza.

"Shusha, kaka," nikamwambia. "Shusha umeme, shusha na kasi. Utachelewa, lakini utamaliza."

Ulikuwa ukweli mtupu, na nilimpa kwa sababu nilijua hataupokea. Mwongo hudhani kila kinywa ni kama chake. Aliniangalia kama aliyenifumania, akarudi kitini, akapandisha. Kisha, ili isimzimikie tena, akaiondoa ile kinga inayozima mashine kabla haijaungua. Nilimwona wazi kutoka nilipokaa. Kabla mashine haijamaliza kuwaka upya palikuwa na dakika nzima, na ndani ya dakika hiyo ningeweza kusema, "Kaka, wallahi sikudanganyi." Nikatazama kioo changu.

Feni zake zilinguruma, zikanguruma zaidi, halafu kimya. Akabonyeza kitufe mara nne, mara tano. Haikuwaka tena.

Msanifu alisogea. "Nani mwingine ameigusa?"

"Hakuna," Injinia akasema.

Msanifu akanigeukia, kisha akamrudia Injinia. "Na ile ya kwanza, ya mdogo wako, ni wewe pia?"

Kaka yangu alitazama sakafu. Akaitikia kwa kichwa. Hilo tu ndilo nililolitaka duniani, na lilipokuja nilihisi utamu mpaka kwenye meno. Picha yangu ilimalizika saa kumi na nusu.

Jioni nilimkuta mama anakunja nguo, habari imeshamfikia.

"Kaka yako anasema ulijua itakufa."

"Nilimwambia ashushe."

"Kweli?"

"Kweli tupu, mama."

"Basi huna kosa, mwanangu," akasema, akanipa ncha ya pili ya shuka.

Nikaishika, tukakunja pamoja, na sikumsahihisha.