Vipele vya Siku ya Pili

Dobi alifika kliniki kabla mlango haujafunguliwa, binti yake mgongoni, mikono bado inanuka sabuni ya nguo za watu. Surua ilikuwa imeingia mtaani. Watoto wawili wa nyumba ya pili walikuwa wamelazwa. Kidoti, binti huyo wa miaka mitatu, hakuwa na chanjo ya surua. Kila muuguzi aliyefungua kadi alikutana na wino mwekundu, "Ana mzio, asichanjwe," akaifunga na kumrudishia mama.

"Nani aliandika haya?" daktari wa watoto aliuliza asubuhi hiyo, kadi mkononi.

"Muuguzi aliyekuwepo zamani. Mtoto alichomwa sindano ya miezi mitatu, akatoka vipele, nikamrudisha."

"Alikuuliza nini?"

"Jina la mtoto tu."

Daktari aliguna. "Basi nauliza mimi. Vipele vilitoka papo hapo?"

"Kesho yake jioni."

"Midomo ilivimba? Alikosa pumzi? Alitapika?"

"Wapi! Alinyonya mpaka nikachoka mimi."

"Vipele vilikuwa sehemu gani?"

"Mgongoni na mapajani."

"Siku hiyo ulimlaza kwenye nini?"

Dobi akainama. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mama mkwe. "Kwenye shuka la mteja. Lilikuwa na sabuni ya unga, sijalisuuza. Nilikuwa nimechoka, daktari."

"Mama, sindano haichagui mgongo; ile ilikuwa sabuni. Mzio wa hatari wa sindano huja upesi, ndani ya dakika au saa chache. Tunamchanja leo, halafu mtakaa hapa tumwangalie."

Muuguzi aliweka dawa ya dharura karibu, akachoma. Kidoti alilia, akamwita muuguzi mwizi, kisha akaomba apewe lile bomba la sindano achezee. Kwa nusu saa dobi alimfunua gauni, akamfunika, akamfunua tena. Ngozi ilikuwa safi. Aliyelia sasa ni yeye.

Daktari aliandika barua ili yale maandishi yafutwe. Karani wa masjala aliisoma bila kuinua macho.

"Muhuri uko kwa bosi, na bosi katoka. Njoo wiki ijayo."

"Kaka, wino mwekundu haukungoja muhuri."

"Ndiyo utaratibu, dada."

"Haya."

Akavuta benchi mpaka mbele ya dirisha lake, akakaa, akampakata Kidoti aliyekwisha kusinzia. Watu wa foleni wakaanza kupita ubavuni.

"Sasa hapo ndo unafanya nini?" karani aliuliza.

"Namsubiri bosi," alisema dobi, akavua viatu.