Kipande Kilichorukwa

Jenoveva alikuwa karani wa dirisha la vifurushi pale posta ya Musoma, na macho yake yalikwisha kuzoea kutambua mzigo kabla hajasoma jina. Kwa hiyo Nyamhanga, muuzaji wa duka la kijiji cha ujamaa kule Butiama, alipokuja kuchukua kifurushi chake cha mraba, chembamba kama sinia, Jenoveva hakumkabidhi mara moja.

"Hii ni santuri, ndugu."

"Ndiyo. Binamu yangu yuko migodini Zambia, ananitumiaga."

"Ya nani?"

Nyamhanga aligeuka kutazama foleni nyuma yake. "Utanicheka. Ni ya hawa vijana wa magita, Simba wa Shaba."

Jenoveva hakucheka. Albamu hiyohiyo alikuwa nayo chumbani kwake Mwisenge, aliachiwa na kaka yake. Ndiyo iliyomkutanisha na Florian, fundi wa mashine za kuchambua pamba aliyekaa Manyamanyama, Bunda. Kila Jumapili baada ya misa Florian alipanda basi kuja Musoma, albamu zake mbili za Waingereza amezifunga kwenye kanga ya mama yake. Waliacha mlango wazi ili majirani wasipate la kusema, wakasikiliza na kubishana mpaka betri za gramafoni zilegee na waimbaji waanze kuimba kama wanasinzia. Florian aliamini hakuna gita duniani lililolia kama la Waingereza wake. Jenoveva alimwambia Waingereza wake wanapiga kama watu walio kwenye mtihani, lakini Simba wa Shaba wanapiga kama watu waliotoroka kazini.

Ila albamu ya Jenoveva ilikuwa na mkwaruzo. Katika wimbo wa tatu, gita la solo likianza tu kupanda, sindano iliruka na kuangukia kwenye kiitikio. Walikuwa wamezoea hivyo, hata walipouimba wenyewe waliruka palepale.

"Yako ni nzima?" Jenoveva aliuliza.

"Haijafunguliwa hata karatasi. Ukinipa, itakuwa imefika."

Akampa, na mwaliko akaupata palepale.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, Jenoveva na Florian walishuka kwenye lori la mbegu za pamba, vumbi hadi kwenye nyusi, wakapokelewa nyumbani kwa Nyamhanga, nyuma ya duka. Mkewe, Kwangu, aliwaletea maziwa ya mgando, akawatazama kwa zamu.

"Kumbe mko wengi," alisema. "Nilidhani ni ugonjwa wa mume wangu peke yake."

Nyamhanga aliifuta santuri kwa pamba, akateremsha sindano. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwenye wa tatu, gita likaanza kupanda, na wageni wote wawili wakatikisa kichwa kwa pamoja kuupokea mruko. Mruko haukuja. Gita liliendelea kupanda, peke yake, likasita, likashuka taratibu kama linatafuta pa kukaa, kisha likapanda tena mpaka dramu zikalipokea. Jenoveva alishika mdomo. Alijiona kama mtu aliyezaliwa kando ya ziwa, halafu leo anaonyeshwa kuwa nyuma ya kisiwa alichokizoea kuna kingine.

"Rudisha," Florian alisema.

Nyamhanga akarudisha. Kisha akarudisha tena bila kuombwa.

"Mimi kipande hiki sikipendi," Florian alisema hatimaye. "Kirefu mno. Ile yako, Jenoveva, inarukaga halafu unashtuka, kiitikio hiki hapa. Huyu anazungukazunguka kama ng'ombe aliyepotewa na zizi."

"Miaka miwili umenilalamikia mkwaruzo!"

"Nilikuwa sijui kilichofichwa."

"Hapana, ndugu, sikiliza vizuri," Nyamhanga aliingilia, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha, maana hakuwahi kupata mtu wa kubishana naye. "Asipozunguka, kule kurudi kutakuwa na utamu gani?"

Kwangu alikuwa mlangoni anachambua maharage. "Wote mmekosea," alisema bila kuinua macho. "Mwenye makosa ni mpiga dramu. Anaingia mapema. Mwenzake bado anasema, yeye yumo ndani tayari."

Nyamhanga akarudisha sindano, wakasikiliza, na kweli dramu ziliingia mapema kidogo.

"Si ulisema hizi ni kelele?" mumewe alimwuliza.

"Ni kelele. Lakini umenipigia asubuhi na jioni, siku ya shamba la kijiji na siku ya mapumziko, nitaachaje kuzijua? Na upande wa pili ndio mzuri. Wewe huugeuzi."

Wakaugeuza. Walibishana mpaka maziwa yakaisha na dereva wa lori akaanza kupiga honi barabarani.

Tangu hapo Jumapili zao zikawa za watu wanne, mara Mwisenge, mara Butiama. Florian aliogopa kidogo siku ya kumpigia Kwangu Waingereza wake. Kwangu alisikiliza upande mzima amekunja mikono.

"Huyu wa gita anajua kunyamaza," alisema. "Wengi hawajui."

Florian alifurahi mpaka akamwachia ile albamu wiki tatu, pamoja na kanga, yeye ambaye hakuwahi kumwachia Jenoveva hata jalada tupu. Jenoveva alinuna karibu njia nzima hadi Musoma, lakini walipofika stendi walikuwa wanabishana tena, wanacheka.