Bibi Asiyeelewa Mvua

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne hapa Lumuma, na nina hasira za karibu. Kwangu mtoto hujifunza kwa kuandika, basi. Somo la mvua niliwanakilisha mara sita, Jumatatu. Brayan alimaliza wa kwanza, mwandiko safi kama wa kitabu. Alhamisi nikamuuliza mvua inatoka wapi. Akafikiri sana, akajibu, "Ukurasa wa kumi na mbili, mwalimu."

Vaileth alijibu yote bila kukosea, na daftari lake lilikuwa tupu! Jioni ile nikaenda kumshtaki kwa bibi yake.

Niliwakuta uani wakichambua vitunguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Kaa kwanza, mjukuu wangu ananielewesha. Mimi shule sikuiona."

"Jua linapasha maji, yanakuwa mvuke, unapanda juu," alisema Vaileth.

"Unapandaje, na hauna miguu? Sijaelewa."

Mtoto akaguna, akaanza upya, safari hii na sufuria ya maharage na matone yanayojikusanya kwenye kifuniko. Bibi akatikisa kichwa. Vaileth akavuta pumzi, akarudia tangu mwanzo, vizuri kuliko nilivyofundisha mimi.

Mashtaka nikayaacha. Nikavuta kigoda, nikachambua nao vitunguu.

Nilipoaga, bibi alinisindikiza mpaka njiani, akageuka kuhakikisha mtoto hasikii.

"Usimwambie, mwalimu," akaninong'oneza. "Nilielewa tangu Jumatatu."