Dume Asiyeshtuka

Mume wangu ni fundi bati. Hutengeneza mifereji ya maji ya mvua, makarai na majiko, na karakana yake imegusana na ukuta wa jiko langu, kwa hiyo miaka kumi na tisa nimepika kwa mdundo wa nyundo. Mbwa wetu wa kwanza hakuyaweza maisha hayo. Siku ya tatu alitoroka, akahamia kwa mshona viatu wa mtaa wa nyuma, na mpaka leo tukipita anatuangalia kama jamaa waliomdhulumu urithi.

"Safari hii sichukui mbwa kwa sura," Fundi alisema. "Nachukua mwenye moyo."

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea. Ni mkunga mstaafu. Kwa maneno yake mwenyewe, nusu ya mji huu aliwashika miguu kabla wenyewe hawajajua kuwa wana miguu. Akatangaza kwamba kuchagua kiumbe kichanga si kazi ya mwanamume, na kwamba tutafuatana naye. Fundi hakujibu. Siku hizo alikuwa hajibu mengi, nami niliona ni kiburi tu.

Watoto wa mbwa walikuwa uani kwa kinyozi, ndani ya boksi la televisheni lililokatwa upande mmoja. Walikuwa watano, wa wiki saba. Kinyozi alitupokea taulo begani, mteja wake amemwacha kitini amenyolewa nusu kichwa.

"Hawa wana asili nzuri," akasema. "Mama yao anajua kumtofautisha mgeni na mwizi."

"Na baba yao?" Mama akauliza.

Kinyozi akakohoa. "Huyo alikuwa mpita njia."

Mama akaketi kwenye kigoda, akakunja mikono ya gauni, akaanza kazi. Kila mtoto alimlaza chali, kiganja kifuani, akahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini. Kisha alimweka chini na kuondoka hatua kumi bila kugeuka, apate kujua kama atafuatwa. Mwisho alimbinya kidogo katikati ya vidole, aone nani anasamehe na nani anaweka kinyongo.

Wa kwanza alipiga kelele kabla hajaguswa. "Huyu angefaa siasa," Mama akasema, akamrudisha. Wa pili alijikojolea, na Mama naye akapata fungu lake. Wa tatu aling'ang'ania pindo la gauni mpaka likachanika. Kinyozi ikabidi amnasue meno kwa kitana. Wa nne, jike mwenye sikio moja lililolala, alijitingisha kidogo, akatulia, akamtazama Mama usoni. Alipobinywa alinung'unika, kisha akaulamba mkono uleule.

"Huyu," Mama akasema. "Ana akili na hana kisirani. Twendeni nyumbani."

"Bado mtihani wangu," Fundi akasema.

Alikuwa amekuja na kipande cha bati na nyundo ndani ya mfuko wa saruji. Akalining'iniza lile bati kwa waya kwenye kamba ya kuanikia taulo, akaligonga, na hakuligonga kwa adabu. Mteja wa kinyozi alitoka mbio na shuka lake shingoni. Watoto wa mbwa wakatawanyika, mmoja ndani ya ndoo, wawili chini ya pipa. Yule jike alijificha nyuma ya Mama, akachungulia, halafu akaanza kurudi polepole kulinusa bati. Wa tano peke yake, dume mweupe ambaye Mama alikuwa hajamfikia, alibaki palepale ndani ya boksi akitafuna kamba ya kiatu. Hakuinua hata kope.

Fundi akagonga tena. Yule mweupe akapiga mwayo.

Uso wa mume wangu ukalainika. Mara ya mwisho nilimwona hivyo siku aliponiposa, na hata siku ile hakuzidisha namna hii. "Huyu sasa ndiye mwanamume," akasema, akatugeuzia mgongo kuanza kufungua waya wake.

Mama akainuka, akaenda nyuma ya yule mtoto, akapiga makofi mawili karibu na kichwa chake. Kimya. Akapiga mluzi. Kimya. Akamgusa mgongo kwa kidole kimoja, na mtoto akaruka kama aliyemwagiwa maji.

"Hana ushujaa wowote," Mama akasema. "Ni kiziwi."

Fundi akaendelea kufungua waya.

"Mkwe wangu, nasema mtoto huyu ni kiziwi."

Waya tu. Mama akanitazama. Kisha akasogea mpaka nyuma ya mume wangu, akapiga makofi mawili, yaleyale. Fundi hakugeuka. Kinyozi akaanza kuchunguza taulo lake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa.

Nikakumbuka. Mwaka jana nilimwambia Fundi kwamba dada yangu amelazwa hospitali, akaendelea kula. Nikamnunia wiki nzima. Kumbe nilikuwa nikimnunia mtu ambaye hana habari.

Mama akamgusa bega. "Tangu lini, baba?" akauliza kwa sauti ya kufika mtaa wa pili.

Fundi akatutazama mmoja mmoja, akaweka nyundo chini. "Mwaka juzi. Sikio la kushoto ndilo lililotangulia."

"Na hukuniambia?" nikasema.

"Ungesema nifunge karakana."

Na kweli ningesema.

"Haya, turudi kwa mbwa," Mama akasema. "Huyo mweupe mwache. Asiyesikia atalinda nini?"

"Nikimwacha, nani mwingine atamchukua?"

Sote tukamgeukia kinyozi, naye akaanza kumtafuta mteja wake. Mama akamsonya kila mmoja wetu kwa zamu, akambeba jike, akampa Fundi dume. "Basi mtawachukua wote wawili. Mmoja asikie kwa niaba ya mwenzake."

Na ndivyo ilivyokuwa. Dume hulala chini ya meza ya kukatia bati, nyundo ikilia juu ya kichwa chake. Mtu akija getini, jike hubweka, kisha huenda kumkanyaga kaka yake aamke naye abweke. Tukimtaka dume tunapiga mguu chini mara mbili, sakafu inampelekea habari. Mama alimpa jina la Mkwe.

"Lakini mimi ndiye mkwe," Fundi akalalamika.

"Ndiyo maana," Mama akasema.

Wiki ya tatu Mama alimfikisha Fundi hospitali yeye mwenyewe, akakaa naye kwenye foleni asije akatoroka. Fundi alirudi na kifaa cha kusikia kama punje ya haragwe nyuma ya sikio, pamoja na amri ya kuziba masikio kila anaposhika nyundo. Jioni hiyo alikaa jikoni kwangu muda mrefu, akisikiliza vitunguu vikikaangwa.

"Hili friji hunguruma hivi siku zote?"

"Siku zote."

"Na mama yako huongea hivi siku zote?"

"Nimekusikia," Mama akasema kutoka chumba cha pili.

"Hata mimi nimekusikia," Fundi akamjibu, akacheka mpaka akashika meza.