Rangi ya Nembo za Mama

…bado la moto, tofali hili la mlango wa tanuri, nikilitoa sasa hewa baridi itaingia na mtungi utapasuka, acha ningoje, "Dada Isabela, mama anakuita," ni Julia, mdogo wangu, yuko dirishani mwa chumba alimolazwa mama mgonjwa, "Nakuja," nasema, wala siinuki, maana humu ndani ya tanuri yumo mama pia, mtungi wenye uso wake, ndonya, kile kipande cha mti kilichopachikwa kwenye mdomo wa juu, mashavuni nembo alizochanjwa kule Mnyambe akiwa mwali, na rangi ya nembo hizo ndiyo inayonitesa, weusi wenye buluu kwa ndani, nimechoma mara ngapi, jivu la maganda ya korosho lilitoa hudhurungi, kutu niliyokwangua kwenye mabomba ya kiwanda kilichofungwa ikatoa wekundu wa damu iliyokauka, waya wa shaba ukayeyuka ukawa kijani cha chupa ya soda, nikavunja yote… tangu ndoo za plastiki zijae Newala nani anunue mtungi wa maji, Muharami mfanyabiashara ndiye aliyesema, tengeneza yenye sura, watu wa Dar wanataka sura, na mama akasikia, akajifunika kanga mpaka machoni kama siku ile vijana walipomcheka stendi ya Masasi, akasema, "Uso huu ni wangu, Isabela, mbona unaupeleka sokoni?" nami nikamjibu, siuzi uso, mama, natafuta rangi, nikamshika kidevu, geuka huku kwenye mwanga, geuka na huku, naye akageuka… na shavu la kushoto, mistari ni mitatu au minne, Mungu wangu, nimeichora kwenye udongo kwa mkono huu na siikumbuki kwenye shavu lake, lini nimemtazama bila kumpima, "Dada," Julia tena, sauti imeshuka, "haongei sasa, ananyoosha mkono tu, anapapasa," anapapasa nini, ananitafuta mimi, vidole vyake havitajua buluu wala nyeusi, vitajua ngozi tu, basi tanuri lipoe likitaka, liupasue mtungi likitaka, kiganja changu kingali juu ya tofali, tofali lingali la moto, lakini sitegi tena sikio kusikia kinachotokea humo, nawaza tu namna nitakavyopiga magoti kando ya kitanda nimpe uso wangu huu, mtupu, usiochanjwa, aushike.